Gitaa likichelewa kwenye hedifoni: tushushe bafa au tuikwepe kompyuta?

Mtu akilalamika kwamba anapiga gitaa kupitia kompyuta na sauti inamfikia kwa kuchelewa, jibu la haraka huwa moja: shusha bafa, yaani punguza fungu la sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata. Wapo wengine wanaoliona jibu hilo kuwa kujitafutia kazi bure. Hao hufungua usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi ya nje ya sauti, gitaa likaingia hedifoni kabla hata ya kufika kwenye kompyuta, wakaendelea kurekodi. Kila upande una hoja, ila naona wote huanza kubishana kabla ya kuulizana ni gitaa gani linarekodiwa.

Kompyuta haipokei sauti kama waya unavyoipokea. Inakusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, mpaka zifike fungu, inazichakata kwa pamoja, ndipo inazitoa. Fungu hilo ndilo bafa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 512 ni takriban milisekunde 11.6, ya 128 ni 2.9, na ya 64 haifiki 1.5. Hapo umehesabu upande mmoja tu. Sauti hupita bafa ikiingia na ikitoka, vigeuzi vya analogi na dijitali vinachukua muda wao, na draiva nyingi za USB (programu ndogo zinazoiunganisha kadi na kompyuta) zina akiba ya ziada ambayo hazikuonyeshi. Kwa hiyo anayesema "niko kwenye 128, nina milisekunde tatu" anajipunja hesabu. Safari nzima kwa kawaida ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Badala ya kukisia, pima. Unganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi tundu la kuingizia kwenye kadi hiyohiyo, cheza mlio wa metronomu kwenye traki moja, urekodi kwenye traki nyingine, kisha kuza mawimbi mpaka uone mahali kila mlio unapoanzia. Ukiwa umezima fidia ya muda ya programu ya kurekodi, yaani ile inayokisogeza nyuma kilichorekodiwa ili kufuta ucheleweshaji, pengo lililopo ni safari nzima ya sauti. Iwashe fidia urudie: sasa pengo linatakiwa liishe kabisa. Likibaki, draiva inaipa programu takwimu za uongo, na kila utakachorekodi kitakaa nje ya mdundo hata kama ulipiga sawasawa. Hilo ni tatizo tofauti na lile la masikioni, na kushusha bafa hakulitibu. Linatibiwa kwa kuingiza idadi ya sampuli zilizobaki kwenye mipangilio ya kurekodi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Hoja kubwa ya wanaoshusha bafa ni kwamba mpiga gitaa huongozwa na sauti anayoisikia. Kwa gitaa la umeme lenye distoshani nzito (sauti iliyovurugwa makusudi), nota inavyoning'inia na uzi unavyobanwa kwa kiganja hutegemea kile kinachotoka upande wa pili. Mtu anayesikia gitaa kavu, bila programu inayoiga amplifaya, huanza kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na baadaye distoshani ikiwekwa kila kosa la kiganja linajitokeza. Hapa nasimama nao. Na njia ipo: kwenye Windows tumia draiva ya ASIO iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako (ASIO ni mfumo wa kupitisha sauti kwa kuchelewa kidogo, wa kampuni ya Steinberg, wa mwaka 1997); ASIO4ALL ni ya kuazima tu kwa kadi isiyo na draiva yake, maana chini yake bado inatumia draiva ya kawaida ya Windows. Kwa kazi hiyohiyo Mac ina Core Audio tayari, Linux ina JACK na PipeWire.

Gharama yake ni mikwaruzo. Bafa ndogo maana yake prosesa ina muda mfupi wa kumaliza kila fungu, na ikichelewa mara moja unasikia "tik". Mara nyingi prosesa haina udhaifu wowote. Ni draiva ya Wi-Fi au mpangilio wa kuokoa umeme unaoikamata kwa muda. Programu ya LatencyMon kwenye Windows huonyesha ni draiva ipi inayokawia. Kisha kuna plagini, programu ndogo za kubadilisha sauti ndani ya programu ya kurekodi. Limita inayochungulia mbele (ya kudhibiti vilele vya sauti) au ikwalaiza ya feizi mstari (ya kurekebisha masafa) ikikaa kwenye traki ya masta, ile inayokusanya traki zote, programu inaweza kuuchelewesha mradi mzima ili kila kitu kiende pamoja. Shusha bafa utakavyo, hutaona nafuu mpaka uiondoe.

Na je, milisekunde chache zinaumiza kweli? Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3.4 kutoka kwenye amplifaya, umbali ambao wapiga gitaa wa jukwaani huuzoea. Hata ukipiga nota nne kwa kila pigo kwa kasi ya mapigo 180 kwa dakika, nota moja hadi nyingine kuna milisekunde 83. Sioni sababu ya kukesha ukitafuta kutoka 8 hadi 5. Hedifoni za Bluetooth ni habari nyingine. Hizo mara nyingi huvuka 100, na bafa haihusiki.

Lakini geukia gitaa la akustika, hoja inapinduka. Sanduku la gitaa liko kifuani, sauti yake unaisikia bila kuchelewa, halafu nakala yake inakuja kwenye hedifoni. Nakala iliyochelewa milisekunde 5 ikikutana na ya asili kwa nguvu sawa, inafuta masafa ya 100 Hz, 300, 500 na kuendelea hivyo. Husikii kuchelewa, unasikia gitaa limekuwa na uwazi wa ajabu ndani, kama linapigwa ndani ya bomba, na unaanza kuhamisha maikrofoni isiyo na kosa. Hapa kuikwepa kompyuta ndiyo dawa, kwa sharti la kuzima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya programu, vinginevyo utasikia gitaa mara mbili.

Kwa mwenye pedali inayoiga amplifaya, ipo njia ya katikati ninayoipenda kuliko zote mbili. Gawa ishara ya gitaa: upande mmoja uende kavu kwenye kadi, mwingine upite kwenye pedali kisha uingie tundu la pili, usikilizwe moja kwa moja kutoka hapo. Unapiga ukisikia distoshani, bafa hata ikiwa 1024, na traki kavu inabaki kwa ajili ya kubadilisha sauti baadaye. Inakula matundu mawili, na pedali nayo huwa na milisekunde zake chache, kwa hiyo ukitaka kuzichanganya traki hizo mbili, kwanza zilinganishe kwa kutazama mwanzo wa nota moja iliyopigwa kwa nguvu.