Msizibe mdomo wa draiva ya saa

Kuna ushauri mmoja unaosambaa sana kati ya wasimamizi wa seva, nami siupendi hata kidogo: Linux ikilalamika kwamba TSC (kihesabu cha mapigo kilicho ndani ya prosesa, kinachotumika kama saa) haitegemeki, andika tsc=reliable kwenye vigezo vya kuwashia mashine, yaishe. Hayaishi. Umemnyamazisha tu aliyekuwa anakuonya.

Ndani ya kompyuta hakuna saa moja. PC ya kwanza ya IBM, mwaka 1981, ilitumia chipu ya 8253 yenye mapigo takriban 1,193,182 kwa sekunde. Namba hiyo ya ajabu haikutokana na mahitaji ya saa: fuwele ya mashine ilichaguliwa ili iendane na rangi za televisheni za Marekani, kisha mapigo yake yakagawanywa kwa 12. (Mpaka leo hili hunichekesha.) Baadaye zikaja saa nyingine zilizo nje ya prosesa: taima ya ACPI na HPET. TSC yenyewe ilianza na Pentium mwaka 1993.

TSC inapendwa kwa sababu imo ndani ya prosesa. Amri moja tu, umeshaisoma. HPET iko nje, kwa hiyo kila ukiisoma prosesa inasubiri. Tatizo ni kwamba TSC za zamani zilihesabu mizunguko ya prosesa: prosesa ikipunguza kasi ili kuokoa umeme, saa nayo inachelewa. Za siku hizi zinakwenda kwa mwendo usiobadilika, lakini bado fimuweya (programu iliyomo ndani ya ubao mama) ikiwa mbovu inaweza kuzivuruga, au prosesa mbili za mashine moja zikahitilafiana.

Ndiyo maana kerneli, yaani kiini cha Linux, huiwekea TSC mlinzi. Kila nusu sekunde huilinganisha na saa nyingine, kwa kawaida HPET au taima ya ACPI. Tofauti ikivuka kiwango, TSC inatangazwa haitegemeki na mfumo unahamia saa ya polepole. Hifadhidata inayouliza saa mara nyingi italemewa, na hapo ndipo watu wanapoitafuta ile tsc=reliable.

Nakiri mlinzi huyu naye hukosea. Mashine ikizidiwa, au ikiwa ni mashine pepe iliyosimamishwa kidogo, usomaji mmoja huchelewa na TSC nzima ikasingiziwa. Kerneli za karibuni hurudia kusoma kabla ya kuhukumu, na kwenye baadhi ya mashine zenye TSC ya kuaminika humwondoa mlinzi zenyewe. Huo ni uamuzi uliofanywa baada ya kukagua vifaa. Mstari ulionakiliwa mahali haujakagua chochote.

Kwangu mimi hifadhidata inayokwenda polepole ni afadhali kuliko kumbukumbu za miamala ambamo jibu limetangulia swali. La kwanza kamwe halijifichi. La pili niliwahi kulisaka siku tatu kwenye programu yangu mwenyewe, kumbe dmesg, orodha ya ujumbe wa kerneli, ilishalisema tangu mashine ilipowaka. Kilichohitajika kilikuwa kusasisha fimuweya ya ubao mama.