Jeshi la anga halikuzaliwa kwa karatasi

Kila ikifika Aprili 1, wapenzi wa ndege hukumbushana kwamba siku hiyo, mwaka 1918, ndipo Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, lilipozaliwa. Kisheria ni kweli. Kikosi cha ndege cha jeshi la nchi kavu kiliunganishwa na kile cha wanamaji, pakapatikana jeshi la tatu lenye wizara yake. (Wafini watadai wao waliwatangulia kwa majuma machache. Ubishi huo nawaachia wenyewe.) Ila mimi nasema karatasi ile ya sheria ilibadilisha sare na mabosi. Kilichowafanya marubani wawe marubani kilianza mwaka mmoja kabla, katika kiwanja cha ndege cha Gosport, kusini mwa Uingereza.

Karatasi yenyewe ilitokana na hofu. Juni 13, 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za Kijerumani aina ya Gotha ziliipiga London mchana kweupe zikaua watu 162, wakiwamo watoto 18 wa shule moja ya Poplar. Julai zikarudi. Wananchi wakachachamaa, na serikali ikamkabidhi suala hilo Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, yule yule ambaye mwaka 1916 alikuwa akimkimbiza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, kutoka Kilimanjaro kuelekea kusini. Agosti akapendekeza jeshi la anga linalojitegemea. Sidai kwamba wazo alilitoa huku kwetu, lakini mgawanyiko ulikuwapo huku pia: ndege zilizoruka kutoka Mafia mwaka 1915 kuitafuta Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, kwenye delta ya Rufiji zilikuwa za wanamaji, na za Kikosi namba 26 zilizomsaidia Smuts zilikuwa za jeshi la nchi kavu.

Sasa twende Gosport. Kabla ya hapo mafunzo yalikuwa balaa. Wakufunzi wengi walikuwa watu waliorudishwa kutoka Ufaransa wakiwa wamechoka, na hawakuwa na hamu ya kukaa ndege moja na mwanagenzi. Kuongea angani hakuwezekani kwa kelele za injini, basi mwanafunzi hupigwa bega, akisie mwenyewe. Ndege ikianza kuzunguka kama pia huku inaanguka, wengi waliona ndiyo mwisho, maana walikuwa wamefundishwa kuiogopa hali hiyo, si kutoka ndani yake.

Robert Smith-Barry, aliyekuwa akichechemea tangu ndege yake ilipoanguka mwaka 1914, aliongoza kikosi mstari wa mbele na akachoka kuletewa vijana wasiojua kuruka, wanaokufa kabla hujazoea majina yao. Akaandika barua za malalamiko, na wakubwa wakamwambia, haya, nenda ukafundishe wewe. Alichukua ndege aina ya Avro 504 yenye usukani wa watu wawili, akamweka mwanafunzi kwenye kiti cha rubani tangu siku ya kwanza, akafunga mrija wa kusemea kati ya viti, kisha akaamuru makosa yafanywe makusudi. Ndege iangushwe katika mzunguko, na mwanafunzi aeleze kwa nini imeanguka na airudishe sawa. Wakufunzi nao walifundishwa kufundisha, jambo ambalo hadi leo shule nyingi, za ndege na zisizo za ndege, hulipuuza.

Hugh Trenchard, jenerali aliyeliongoza jeshi hilo, ndiye anayeitwa baba wa RAF, ingawa mwanzoni hakulitaka jeshi hilo la pekee. Namheshimu kwa alichofanya baada ya vita, bajeti ilipokatwa vibaya, majenerali na maadmirali wakitaka ndege zao zirudishwe. Fedha kidogo aliyopata hakuimalizia kwenye vikosi. Mwaka 1920 alifungua chuo cha makadeti Cranwell, na Halton akaweka shule ya vijana mafundi wa ndege. Wapo waliomwona anajenga madarasa wakati hana hata ndege za kutosha. Kwangu, kama kuna siku ya kuzaliwa ya kupigania, hiyo ya 1920 ina haki kuliko Aprili 1.