Kabla ya Ramani, Leteni Jembe

Muulize mtu yeyote ardhioevu ni nini, atakutajia maji. Kosa linaanzia hapo. Ardhioevu nyingi hukauka juu kwa miezi kadhaa, nyasi zikanyauka, watu wakakatiza kwa miguu. Ndipo hutokea mwenye ramani akasema hapa ni pori tu, pajazwe kifusi.

Mimi huwa nataka jembe kabla ya ramani. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, utoe bonge moja. Likiwa la kijivu, lenye vijistari vya rangi ya kutu pale mizizi ilipopita, umepata jibu. Maji yakituama udongoni wiki nzima nzima hufukuza hewa. Vijidudu vinavyobaki huishi bila oksijeni, na chuma kilichoupa udongo wekundu wake huyeyuka na kuhama. Kwenye mikoko utapokewa pia na harufu ya yai viza. Ile kutu nayo ina kisa chake: kata shina la funjo uone lilivyojaa matundutundu kama sponji. Humo ndimo hewa inamoshukia mizizini, na kidogo huvuja, ikakigeuza chuma cha pembeni kuwa kutu.

Maji, udongo wa namna hiyo, na mimea inayouweza: vikikutana ni ardhioevu, hata kama leo huoni tone. Mkataba uliosainiwa Ramsar, Iran, mwaka 1971 ulitupa wavu mpana zaidi, ukaingiza hata bahari ya kina kisichozidi mita 6 maji yanapokupwa.

Watetezi wengi huanza na ndege. Sawa, ndege ni wazuri, ila mimi ningeanza na mboji ya vinamasi. Pasipo hewa, majani yaliyokufa hayaozi yakaisha. Hurundikana kwa takriban milimita 1 kwa mwaka, hivyo mita moja ni kazi ya miaka kama 1,000. Ardhi ya mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini imefungia kaboni kuliko miti ya misitu yote. Chimba mfereji wa kuikausha, hewa itaingia, uozo ulioahirishwa utaanza, kaboni itapanda angani na ardhi yenyewe itadidimia. Ndiyo, vinamasi hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, sifichi. Hiyo si sababu ya kufungulia ghala lote.

Kinachoniudhi hasa ni ahadi ya fidia: tunafukia hapa, tutachimba bwawa kule. Bwawa jipya ni shimo lenye maji. Vijidudu vya ule udongo wa kijivu ndivyo vinavyogeuza nitrati ya mbolea kuwa gesi ya naitrojeni kabla haijafika mtoni. Vinahamishwaje kwa lori?

Mvua kubwa ikija, maji yatatandaa pale pale yalipozoea, safari hii katikati ya makochi na magodoro. Mwenye nyumba ndipo atakapochimba, akitafuta pa kupitishia mtaro, na jembe litatoka na bonge la kijivu.