Wa kiume kapelekwa hospitali, wa kike kasifiwa ana adabu

Jamani leo acha niseme maana limenikaa rohoni muda mrefu. Mwanangu wa kiume alivyofika miaka 3 hajatamka neno, kutwa yuko uani anazungusha tairi la baiskeli ya babu yake, ukimwita hageuki, ukoo mzima ulihangaika. Mara ana mashetani apelekwe kwa mganga, mara karogwa, mwisho tukashuka Mtwara mjini hospitali, dokta akatuambia ni usonji (autism), yaani ubongo wake unafanya kazi tofauti, kuwasiliana na watu kunamwia vigumu. Tuliteseka sana ila walau watu waliona kuna kitu.

Sasa huyu binti wa dada yangu, miaka 13, yuko Newala. Tangu mdogo hamwangalii mtu usoni na watu wanamsifu ana adabu, maana mtoto wa kike kwetu anafundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Wageni wakija haongei, wanasema katulia. Msimu wa korosho anakaa kwenye turubai anazipanga safu kwa ukubwa, moja moja, masaa na masaa, ukimpangulia analia mpaka anatapika, bibi yake anasema huyu ndo mchapakazi. Yaani mambo ni yale yale ya kaka yake! Tofauti ni gauni tu.

Na nimemchunguza akiwa na wenzie. Wakicheka na yeye anacheka, ila anachelewa kidogo, anamwangalia kwanza yule rafiki yake afanye nini ndo na yeye afanye. Shuleni ripoti inakuja mtoto mtulivu, hana shida. Akirudi nyumbani anaingia chini ya kitanda na yunifomu yake, anatafuna pindo la kanga mpaka linachanika nyuzi, na hapo usimguse. Siku nzima kajikaza afanane na wengine, nguvu zimeisha.

Tusidhani ni ushamba wa kwetu huku kusini. Hata huko Marekani, daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943 alieleza watoto 11, wasichana walikuwa 3 tu, na mwaka uliofuata daktari mwingine, Hans Asperger, kule Austria akaeleza wavulana 4, msichana hata mmoja hakuna. Picha ya usonji ikawa ni ya mvulana, miaka yote ikasemwa wavulana 4 kwa msichana 1, kumbe wasichana wengi walikuwa wanapitwa tu, wengine wanakuja kujijua wameshakuwa watu wazima wana watoto wao.

Mi kinachoniuma zaidi ni unyago wake wa Desemba. Juzi ngoma ya jirani ilivyoanza, na vigelegele, alijifunika kichwa kizima na kanga akaziba masikio anatetemeka, mama mmoja akamvuta mikono akisema ana kiburi. Huyu mtoto anaenda kuwekwa ndani na ngoma zile usiku kucha?

Dada ananiuliza, sasa makungwi nitawaambiaje? Nimemwambia dada, waambie masikio ya mwanao yanauma kwa ngoma kweli kweli, kama jino. Afundwe chumbani kwa sauti ya chini, mi mama yake mdogo nitakaa nae. Na Januari tunampeleka kwa dokta yule yule aliyemwona kaka yake.