Fundi Kabureta na Pikipiki Isiyo na Kabureta

Naomba nioneshwe mtu aliyezipima hizi kilomita. Simtukani, simshitaki, nataka tu nimwone sura. Boksi linasema pikipiki ya umeme inakwenda kilomita 100 kwa chaji moja, na muuzaji anaitamka hiyo namba kama mzazi anayesoma matokeo ya mwanawe ya darasa la saba. Alipimia wapi? Kama ni barabara tambarare, mwendo wa kilomita 25 kwa saa, dereva mwembamba asiye hata na begi, upepo unamsukuma mgongoni, sawa, ni halali yake. Sisi tuko Kigoma. Hapa ukitoka stesheni kwenda Mwanga unapanda, na abiria wa Kigoma hapandi bodaboda mikono mitupu.

Hesabu haihitaji profesa. Betri ya volti 72 na ampea-saa 20, zidisha, ina wati-saa 1,440. Pikipiki yenye watu wawili inakula wati-saa 35 hivi kwa kilomita. Gawanya, unapata 41. Hiyo ni kama umenunua lithiamu. Ukinunua zile za risasi na asidi, betri sita za volti 12 zilizofungwa mfululizo, wenyewe wanaziita kavu, basi ukitaka ziishi usizikamue sana kupita nusu. Umebaki na kilomita 20. Themanini zilizobaki zitafute ndani ya boksi, labda ziko chini ya yale maboya meupe.

Sasa leo asubuhi, mlima wa Lumumba. Kijana wa bodaboda ya umeme, mtanashati, ana helmeti yake na ya abiria, anapanda kimya kimya. Nyuma kuna mama wa makamo, madumu mawili ya mawese ya lita 20 na mfuko wa dagaa. Mawese ni mepesi kuliko maji, lita 20 ni kilo 18, kwa hiyo madumu ni kilo 36. Betri sita nazo zinafika kilo 40. Ongeza chombo chenyewe, ongeza dereva, ongeza mama, ambaye kilo zake sizitaji kwa kuwa bado napenda kuishi, tunaikaribia 300. Kuinua kilo 300 mita 100 kwenda juu kunataka wati-saa 80, hapo hujahesabu msuguano wala joto la mota. Katikati ya mlima pikipiki ikanyamaza. Yaani, kunyamaza ilikuwa imeshanyamaza tangu stesheni. Ikasimama.

"Mama, shuka kidogo tusukume."

"Mwanangu, mimi nimelipia kupanda. Kusukuma hatukuelewana bei."

Akashuka lakini, maana mlima ni mlima. Na chini ya mwembe wa jirani, kama kawaida ya nchi hii, kuna fundi. Mtu mzima, viganja vyeusi vya oili, spana namba 10 mfukoni, anaheshimika mpaka Gungu. Akaja taratibu, akaizunguka pikipiki mara moja.

"Washa niisikie."

"Imewaka, fundi."

"Imewaka wapi? Mbona siisikii?"

"Ndivyo ilivyo. Ya umeme hii."

Fundi akainama, akachungulia chini, akainuka na sura ya kutoa pole. "Dogo, wamekuibia ekzosi."

Akaelezwa kwamba haina ekzosi. Akauliza kabureta. Haina. Plagi? Haina. Klachi? Haina. Kiki? Haina. Hapo fundi akamgeukia mama, kwa sababu dereva alishaonekana hana akili timamu. "Mama, na wewe ulipanda kitu hakina hata kiki?"

Mama akasema yeye aliona taa.

Kiti kikafunguliwa. Fundi akazitazama betri sita na nyaya za rangi zote, akaona breka moja ndogo kama zile za ukutani (hiyo angalau anaijua), akaizima. Akafuta betri zote kwa kitambaa cha oili. Akakaza nati mbili ambazo hazikuwa zimelegea. Akaiwasha breka. Dakika kumi zimepita. Kijana akazungusha mkono, pikipiki ikaondoka!

"Elfu tatu," akasema fundi. "Ilikuwa na uchafu."

Akalipwa. Mama akapanda, madumu yakapanda, wakafika mwembe wa tatu. Ikasimama.

Fundi akapanda mlima kwa miguu, safari hii na bisibisi. Akazima breka, akafuta, akakaza, akahema. Dakika kumi. Ikawaka. "Elfu mbili, hii nakupunguzia." Mwembe mmoja mbele, ikasimama. Na kila ikisimama, kile kisaa cha betri pale mbele kinaonesha nusu! Kijana anakionesha kwa watu waliojaa, anaapa, nusu hii hapa jamani, nusu! Mwendesha bajaji mmoja akapunguza mwendo makusudi, akauliza kama kituo cha mafuta kiko mbali.

Hakuna kilichotengenezwa pale. Betri iliyochoka ukiiacha bila mzigo, volti zake zinapanda zenyewe. Ukiitwisha mlima zinadondoka. Kontrola, kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye mota, ya volti 72 ya betri hizi kwa kawaida inakata zikifika 63 hivi, ndiyo 10.5 kwa kila betri, ili zisiuawe kabisa. Ikikata, mzigo umeondoka, volti zinarudi, kisaa kinasoma nusu, kila mtu anafurahi. Dakika kumi za fundi zilikuwa dakika kumi za mapumziko. Hata angezikalia anakunywa kahawa, pikipiki ingewaka vilevile, na kahawa ni nafuu kuliko elfu tano.

Aliyeokoa jahazi ni fundi redio, aliyekuja kushangaa tu na multimita mkononi. Akapima moja moja zikiwa zimetulia: tano zinasoma 12.3, moja 11.8. Jumla 73 na kitu, inapendeza. Kisha akamwambia kijana azungushe mkono huku watu wawili wameishikilia pikipiki kwa nyuma, akapima tena. Tano zikashuka mpaka 11. Ya sita ikaanguka mpaka 7. Piga hesabu: 55 na 7 ni 62. Chini ya 63. Kumbe ni mgonjwa mmoja anayelaza wodi nzima! Ukipima bila mzigo humpati.

Fundi kabureta akatazama ile mita, akasema, "Si nilisema ilikuwa na uchafu."

Wakati huo mama alishasimamisha kijana wa baiskeli ya mizigo, madumu yameshafungwa kwa mpira. Bodaboda akakumbuka nauli.

"Unanidai? Nimeshuka mara tatu, nimesukuma mara mbili. Tukae tupige hesabu nani amembeba mwenzake."

Sasa kinachoniudhi ni ushauri uliofuata. Umati mzima: nunua betri moja mpya, chomeka, maliza. Acheni hizo. Ukichanganya mpya moja na chakavu tano, chaja haiangalii moja moja, inaangalia jumla. Chakavu zinajaa upesi na kuchemka, mpya haijashiba, na miezi haipiti mingi unarudi kwa fundi redio. Kwanza itoe ile mbovu, ichaji peke yake kwa chaja ya volti 12 mpaka ijae, iache ilale usiku mmoja. Asubuhi ikiwa bado iko juu ya 12.6, pima tena na mzigo, huenda imepona. Ikiwa imeshuka, tafuta iliyotumika yenye ampea-saa zilezile na umri unaokaribiana, au kusanya hela ubadilishe zote sita. Na ukirudi jioni imeisha, usiilaze imeisha. Iache ipoe nusu saa, chaji. Betri ya risasi ikilala tupu, salfeti inagandamana kwenye sahani zake, na hiyo haitoki kwa kitambaa cha oili.

Chaja za kuazimana nazo! Chaja ya betri sita za risasi inatoa volti karibu 88. Lithiamu ya seli 20, aina ile inayofika 4.2 kwa seli, imejaa kabisa kwenye 84. Yote mawili yameandikwa "72V", plagi zinaingiliana, jirani mkarimu anakuazima. Ukiona kile kibao cha ulinzi ndani ya betri kinakata kila saa, kishukuru. Kisipokata ndiyo uhame nyumba.

Nikiwa mkweli, siichukii pikipiki ya umeme. Kilomita 20 zinataka yuniti moja hivi pamoja na kinachopotelea kwenye chaja, na yuniti kwa asiye kwenye lile kundi la matumizi madogo ni shilingi mia tatu hamsini na ushee. Ya petroli hapo ingekunywa nusu lita, na bei ya petroli EWURA wakiitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi wa mwisho wa barabara tunaisoma tumekaa chini kabisa. Lakini mwenye nyumba wako unamweleza nini mkichangia LUKU? Chaja inataka muda wa saa nane, umeme unakatika saa mbili usiku, ukirudi saa tisa mtu kashachomoa chako kachomeka friji.

Na namba za uongo haziko kwenye pikipiki peke yake. Pawabanki iliyoandikwa "20,000 mAh" imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani. Simu inachajiwa kwa 5. Ikishapandishwa na kupoteza kidogo njiani, unabaki na 12,000 au 13,000, na hiyo ni ile ya kweli, siyo zile nyepesi ambazo ukizifungua unakuta seli moja na mchanga. Ipime uzito kwanza: 20,000 ya kweli haiwezi kuwa nyepesi kuliko simu yako.

Vijana wa kibanda cha gemu nao wasinicheke. Pedi inatembeza mchezaji kushoto peke yake, wanaipiga kwenye paja, wanasema ni ya Kichina. Ni vumbi na kulika kwa kile kiungo kinachopima mwendo wa kijiti. Zima, chomoa, tia tone la spiriti shinani mwa kijiti, kizungushe pande zote, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ikirudia baada ya wiki, kiungo kimelika, kibadilishwe, kinataka kulehemu miguu yake yote bila kuunguza bodi. Na umeme ukikatika dakika ya 80 mtu anaongoza mbili bila, mwenye kibanda anasema mechi haihesabiki, ila hela hairudi. Hilo nalo nani alilipitisha?