Bamvua Kilo Bei Gani?

Kila Idi watoto wangu wana swali moja: "Baba, tunatoka?" Na kila Idi mimi hujibu, "Tutaona," jibu ambalo kwenye vyumba vyetu vya kupanga Buguruni hata mtoto wa miaka minne anajua maana yake ni hapana. Mwaka ule nikasema tunatoka. Si kwamba hela zilikuwapo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Pangani kula sikukuu na sisi, na mwanaume anaanzaje kusema "tutaona" mbele ya mama mkwe?

Usiku wa Idi Mosi nikakaa na kalamu. Bembea za kulipia, hapana: watoto watatu, na kila mmoja atataka kurudia. Ufukwe wa kiingilio, hapana. Mchanga kaumba Mungu, tiketi ya nini? Nikaamua twende ng'ambo, Kigamboni, ufukwe wa bure, na chakula tubebe chetu. Kivuko shilingi 200 kwa mtu mzima, daladala, bajaji ya kupatana, aiskrimu za watoto. Jumla 15,000. Nikamsomea mke wangu ile karatasi kama waziri wa fedha. Akauliza, "Na dharura umeweka?" Nikamwambia dharura huwapata watu wasiopanga.

Bajeti ilianza kuchanika kwenye daladala. Shabani ana miaka minane, nikampakata ili asilipiwe. Miguu yake ikawa inafagia sakafu. Konda akamtazama, akanitazama mimi. "Mzee, hapo nani kampakata nani?" Gari zima likacheka. Nikatoa nauli. Mama mkwe akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Tukafika ufukweni saa nne na nusu asubuhi. Hapa inabidi niseme kwamba mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu mto ukikauka umekauka, unapita juu yake na ng'ombe mpaka mvua zirudi. Na mke wangu, ingawa kwao ni Pangani, alilelewa Morogoro kwa shangazi yake, bahari anaijua kama ninavyoijua mimi. Kwa hiyo tulipokuta bahari imeondoka, imekwenda huko mbali na kutuachia mchanga mweupe mpana kama uwanja wa mpira, sisi tuliona neema. Na hakukuwa na mtu! Watu wote wamebanana kule juu kwenye mivinje, mkeka kwa mkeka, wanagombania kivuli. Nikawasikitikia. Nikatangulia na mkeka mpaka katikati, nikachagua pahala palipoinuka kidogo, pazuri, nikatandika.

Mama mkwe hakukaa. Alisimama akaiangalia bahari kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Kisha, kwa ile sauti yao ya Pangani isiyo na haraka, akasema, "Baba Zuhura, leo bamvua."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikapiga hesabu ya haraka: mama ni wa pwani, anatazama maji, hilo litakuwa jina la samaki. Nikamjibu kwa adabu zote, "Usijali, mama. Tukirudi tutapitia soko la Feri, nitakununulia."

Aliniangalia kwa muda. Halafu akasema yeye atakaa kule juu, akachukua kikapu chake, ndala zake na sahani yake ya pilau, akaenda zake. Nikaona ni staha ya mtu na mkwewe.

Tukala. Pilau ilikuwa kwenye hotpoti kubwa ya jirani yetu, ya kuazima, ambayo mwenyewe alinikabidhi kwa mikono miwili. Paja la kuku nililojiwekea halikufika mdomoni: kunguru alilichukua mkononi mwangu, hakuwa na hata haraka. Nasikia hawa wenye shingo ya kijivu asili yao India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka. Huyu wangu taka aliziruka.

Baada ya kula nikajinyoosha. Kabla usingizi haujanichukua nilimwona mama mkwe kule juu kasimama, anapunga kanga. Anapunga kwa nguvu, huku na huku. Nikafurahi kwamba anaburudika. Na mimi nikampungia.

Aliyeniamsha ni Zuhura. "Baba, bahari imekuja."

"Mwambie asubiri," nikasema, maana nilikuwa bado ndotoni.

Nilipofumbua macho mkeka ulikuwa unapumua. Nikatazama mbele, maji. Nikatazama nyuma, ambako ndiko tulikotoka, maji vilevile, tena mengi zaidi. Pale palipoinuka nilipopachagua kwa akili zangu zote palikuwa fungu la mchanga, na bahari haikupitia mbele kama mgeni mstaarabu, ilizunguka uani. Mke wangu alikuwa ameshasimama, Mwanaidi mgongoni, mkeka kichwani, na ananitazama bila kusema neno. Afadhali angesema.

Vijana wawili wakaja na mipira ya matairi ya lori iliyojazwa upepo. "Elfu mbili kwa kichwa, mzee, tunawavusha."

Maji yapo magotini, lakini mazoea yana tabu. "Elfu moja," nikasema.

"Poa," akasema mmoja, akaegemea mpira wake. "Yakifika kiunoni tutaelewana."

Tulielewana palepale. Watoto wakapanda mipira huku wanashangilia, kwao hiyo ndiyo ilikuwa Idi yenyewe. Mimi nikafuata kwa miguu, kanzu nimeibana kwa meno, mbele ya ufukwe mzima uliosimama kututazama, nusu wanatoa ushauri, nusu wanarekodi. Hotpoti ilikuwa imeondoka, inaelea kwa heshima na pilau iliyobaki. Nyuma yake kiatu kimoja kipya cha Shabani, vile vyenye taa kisiginoni. Kila wimbi lilipokigonga kikawaka: nyekundu, kijani, nyekundu. Tulikiona mpaka kikawa nukta.

Mama mkwe alinipokea kwa kanga kavu. Ndipo aliponieleza, taratibu, kama anavyomweleza Mwanaidi: mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na hujaa sana, yanapanda zaidi ya mita 3, hiyo ndiyo bamvua. Asubuhi saa nne bahari tupu, saa kumi imefika kwenye mivinje. Na Idi si inafuata mwezi kuandama? "Nikadhani umenitania, baba," akasema. "Nikajua utahama."

Nauli za mipira, ndala za mtoto mmoja, hotpoti mpya ya jirani baadaye 25,000. Ile karatasi niliichana kivukoni.

Tulipofika ng'ambo nilitaka tupite haraka, lakini soko la Feri liko palepale, na Mwanaidi ana masikio. Akasimama mbele ya meza ya kwanza, akamuuliza muuza samaki kwa sauti ya juu, "Kaka, bamvua kilo bei gani? Baba anamnunulia bibi."

Yule kaka aliweka kisu chini. Akawaita wenzake.

Nikanunua changu wa elfu kumi ili yaishe. Hayakuisha. Mama mkwe alirudi Pangani wiki hiyohiyo, na tangu hapo, mwezi ukiandama tu, simu yangu inaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo? Bamvua hiyo imeingia huku. Nikuwekee kilo ngapi?"