Nani Anamsikiliza Mtoto Akisoma?

Binti yangu ana miaka tisa. Usiku mmoja baada ya Isha alinijia na habari kubwa: amehifadhi Suratul Mulk, aya zote 30, na ameihifadhi peke yake kwa kuisikiliza kwenye tableti kila siku kabla ya kulala. Nikakaa kitako nimsikilize. Alisoma kwa mahadhi ya yule msomaji anayempenda, akivuta pale anapovuta, akishusha sauti pale anaposhusha, hata pumzi aliichukua mle mle anamoichukua yeye. Machozi yalinilengalenga.

Kisha nikafungua msahafu, nikaweka kidole kwenye aya ya 15, nikamwambia, "Anzia hapa, mama." Akatazama ukurasa, akanyamaza. Nikaona midomo yake inakimbia kimya kimya kuanzia *Tabaraka*, aya kwa aya, mpaka alipoifikia. Ndipo akatoa sauti: *Huwalladhi ja'ala lakumul ardha dhalula.* Lakini yeye alisema "huwallazi". Na ile dhwadi ya *ardha* na dhali ya *dhalula*, herufi mbili zisizofanana kabisa, zilitoka namna moja, zote kama z ya "zawadi".

Miezi miwili alikuwa akisoma hivyo kila usiku, na hakuna aliyemsahihisha kwa sababu hakuna aliyemsikia. Tableti ilikuwa inasema tu. Na mimi nilikuwa chumba cha pili, nimeridhika kwamba mtoto "yuko na Qur'ani".

Sina ugomvi na vifaa. Mwaka 1961 ilipotolewa huko Misri rekodi kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa tartili, yaani kisomo cha polepole na cha wazi, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na Cairo ilipofungua redio ya Qur'ani pekee mwaka 1964, watu wengi wasio na mwalimu karibu walipata kusikia makharija, yaani matamshi ya herufi kutoka mahali pake, yaliyonyooka. Hiyo ni neema, na simu zetu za leo ni mwendelezo wa neema hiyo hiyo. Hata ziko programu zinazomsikiliza msomaji na kumwonyesha neno aliloliruka. Mwenye kuhifadhi zinamfaa sana.

Lakini Qur'ani tangu mwanzo haikuachiwa maandishi peke yake. Sayyidna Uthman alipoagiza misahafu inakiliwe na kupelekwa katika miji mikubwa, wanazuoni wanapokea kwamba kila nakala ilifuatana na msomaji wa kuwasomesha watu. Hebu tulia hapo kidogo. Watu wale wengi Kiarabu kilikuwa lugha yao, msahafu umeshafika mikononi mwao, na bado akapelekwa mtu wa kukaa nao. Ndiyo talaqqi yenyewe, kupokea mdomo kwa mdomo: mwalimu anasoma, wewe unasikiliza, kisha wewe unasoma, naye anasikiliza. Sehemu ile ya pili ndiyo tunayoipoteza majumbani.

Mimi mwenyewe nasoma tajwidi, elimu ya kuitamka Qur'ani sawasawa, kwa njia ya video, mara mbili kwa wiki, kwa mwalimu mwanamke mwenye ijaza, yaani idhini ya kusomesha aliyopewa na mwalimu wake, ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nilianza mwaka 2020, misikiti na madrasa zilipofungwa na walimu wakahamia mtandaoni. Somo la kwanza lilikuwa Alhamdu peke yake, dakika arubaini. Alhamdu ambayo nimeisoma katika kila rakaa tangu utotoni! Alinisimamisha kwenye *waladh-dhaallin* mara tisa, kwa upole, mpaka nikaanza kusikia kosa langu mwenyewe. Bila intaneti nisingempata. Kwa hiyo siulizi tena kama mtoto anasoma kwa kitabu au kwa skrini. Nauliza kama upande wa pili yuko mtu anayemsikiliza.

Usiku ule binti yangu aliniuliza *dhalula* maana yake nini. Sikujua. Tafsiri zetu zinasema ardhi imefanywa laini, au imedhalilishwa kwa ajili yetu, nami nilikuwa nimelipita neno hilo miaka yote. Tulitafuta pamoja, na kwa kweli tuliitafutia kwenye simu, tukagundua kwamba ni neno linalotumika kwa mnyama aliyetiishwa. Limo katika Suratul Baqara, aya ya 71, kwenye habari za yule ng'ombe wa Bani Israili: ng'ombe ambaye si *dhalul*, hajazoezwa kulima. Basi ardhi tunayoikanyaga imetajwa kwa neno la mnyama mpole anayekubali kupandwa, na amri inafuata papo hapo: tembeeni katika pande zake. "Kwa hiyo tumempanda mgongoni?" akauliza. Mpaka leo akijikwaa anasema ardhi imemrusha.

Najua wazazi watasema hawana elimu ya kusomesha. Nami sina. Lakini tazama namna Qur'ani yenyewe inavyotuonyesha malezi. Katika Suratu Luqman ni baba anaongea na mwanawe, na mara tatu anamwita *ya bunayya*, neno la mapenzi la kumwita mtoto mdogo. Anamwambia asimshirikishe Mwenyezi Mungu. Anamwambia habari ya chembe ya hardali iliyojificha ndani ya jabali, kwamba Mwenyezi Mungu ataileta. Halafu Sala, halafu subira, halafu asiwabeue watu uso, halafu namna ya kutembea na kiasi cha kupaza sauti. Ni mazungumzo ya mtu anayemwona mtoto wake anavyotembea. (Na Luqman alikuwa baba. Nalisema kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozijua kazi ya dini ameachiwa mama, na baba hutokea siku ya mtoto kuhitimu.)

Umar bin Abi Salama alilelewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, na anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima wakati wa kula. Mtume akamwambia: ewe kijana, taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho karibu nawe. Maneno machache kabisa. Anasema tangu siku ile ndivyo alivyokula. Video ya adabu za kula inaweza kuwa na kila kitu kilichomo katika hadithi hiyo na zaidi, ila haiuoni mkono wa mtoto unapozunguka.

Katika Suratu Taha, aya ya 132, imeamrishwa: waamrishe watu wako kusali, nawe udumu nayo. Nusu ya kwanza tunaijua sote, ndiyo tunayoitumia kuwapigia kelele watoto. Nusu ya pili inamrudia mwenye kuamrisha. Mwezi uliopita nilimwamuru mwanangu aende kusali huku kidole changu kikiendelea kupandisha picha kwenye simu. Hakunijibu neno. Alikitazama tu kidole kile, kisha akaenda kutawadha.

Huyo mwanangu ana miaka kumi na tano, na ndiye aliyenifanya niache kuwaza kuhusu tajwidi tu. Kwa wiki kadhaa alikuwa mkimya, hali chakula vizuri, analala mapema. Siku aliyoamua kusema alinionyesha klipu fupi, haifiki hata dakika moja. Kijana mmoja anasema kwa ukali kwamba mwenye kuingiwa na shaka moyoni mwake ametoka katika Uislamu. Mwanangu alikuwa ameiuliza simu habari ya shaka usiku, kwa sababu shaka ilimpitia moyoni akiwa kwenye sijda, na hilo ndilo jibu alilopewa. Wiki zote zile aliamini kwamba Sala zake hazina maana.

Nikamwambia ninachokijua. Katika Sahihi Muslim, Maswahaba walimwendea Mtume wakasema: tunapata nafsini mwetu mambo ambayo mmoja wetu anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza: mmeyapata hayo? Wakasema ndiyo. Akasema: hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Yaani ule uchungu wao wa kuyachukia ndio dalili ya imani iliyo hai. Mwanangu alilia, nami nikalia.

Halafu nikamwuliza kwa nini hakunijia mimi. "Niliogopa utasema nimeharibika."

Jibu hilo silisahau. Kwa sababu angekuwa na haki: mara ngapi amesikia mezani kwetu tukisema vijana wa siku hizi wameharibika? Katika Musnad, kitabu cha Hadithi cha Imam Ahmad, imo habari ya kijana aliyemwendea Mtume akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkaripia. Mtume akamwambia asogee karibu, akasogea, akakaa. Akamwuliza: utalipenda hilo kwa mama yako? Kwa binti yako? Kwa dada yako? Kwa shangazi yako? Kwa mama yako mdogo? Kila mara kijana anasema hapana, na Mtume anamwambia kwamba na watu wengine hawalipendi kwa watu wao. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Nikijiuliza nyumbani kwangu mimi ni nani katika kisa hicho, mara nyingi nimekuwa miongoni mwa waliokaripia. Simu haikaripii. Mtoto ataipelekea kila swali, nayo itampa chochote kinachopendwa na wengi siku hiyo.

Hapo ndipo inapotakiwa ile silaha ya zamani, isnadi, yaani mlolongo wa watu waliopokezana habari. Abdullah bin al-Mubarak, mwanazuoni wa Hadithi aliyefariki mwaka 797, alisema isnadi ni katika dini, na lau si isnadi, angesema atakaye alitakalo. Watoto wetu wanaweza kujifunza kuuliza hivyo wakiwa wadogo: nani kasema, kaipata wapi? "Tafuteni elimu hata China" tumeisikia mimbarini na kuisoma kwenye kuta za madarasa, na wanazuoni wa Hadithi wameikataa. Mmoja wao, Ibnul Jawzi, ameiweka miongoni mwa zilizobuniwa. Nilijaribu pia programu moja ya akili mnemba. Ilinipa hadithi nzuri kuhusu wazazi, na jina la kitabu, na namba. Nikafungua kitabu: namba ile ni ya hadithi nyingine kabisa. Nilimwita mwanangu aje aone kwa macho yake.

Pengine nilimfundisha vizuri kupita kiasi. Baada ya muda shangazi yangu alituma kwenye kundi la familia ule wasia wa Sheikh Ahmad, mtumishi wa msikiti wa Madina, aliyedaiwa kumwota Mtume: atakayeusambaza atapata heri, atakayeupuuza atapatwa na msiba. Ni uzushi wa zamani sana, na Sheikh Ibn Baz, mwanazuoni wa Saudi Arabia, aliandika kuukanusha waziwazi. Mwanangu akajibu hapo hapo, mbele ya ukoo mzima: "Huu ni uongo, msisambaze." Alichosema ni kweli tupu, na nilimwambia ampigie simu huyo shangazi yangu, ambaye kwake ni bibi, kabla jua halijazama. Mama yake Imam Malik alipomtuma mwanawe kwa mwalimu wake, Rabia, alimwambia ajifunze adabu zake kabla ya elimu yake.

"Asalamu alaykum bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekasirika na bibi yako?"

Akamwomba radhi kwa namna alivyosema, kisha akamweleza taratibu habari ya wasia ule. Shangazi alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba karatasi hiyo aliipokea kwa mara ya kwanza akiwa msichana, imeandikwa kwa mkono, na yeye akakaa usiku kucha anainakili kwa kalamu kwa kuogopa mama yake asipatwe na jambo. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Miaka yote hii, hakuna aliyekaa akaniambia." Mwanangu aliikata simu akiwa na uso mwingine.

Siku hizi baada ya Magharibi simu zote, yangu ikiwa ya kwanza, zinabaki rafuni, na tunakaa dakika ishirini. Mara nyingine ni dakika kumi na ugomvi wa nani kakalia mswala wa nani. Binti yangu anasoma kutoka kwenye msahafu, polepole, bila mahadhi ya msomaji wake, na mwanzoni alilichukia jambo hili kwelikweli kwa sababu alikuwa ameshahifadhi, kwa nini arudi nyuma?

Juzi tulifika aya ya 19, ya ndege wanaokunjua mbawa zao juu na kuzikunja, na hakuna anayewashika ila Mwingi wa Rehema. *Saaffaatin wa yaqbidhn.* Dhwadi tena. Nikamtolea mfano, akanitazama.

"Hapana mama. Ubavu wa ulimi uguse kwenye magego, huku juu. Si ndivyo mwalimu wako alivyokwambia?"

Nikamwuliza amejuaje. Akasema siku zote nikisoma na mwalimu wangu yeye huwa amekaa nje ya mlango. Nikasoma tena, ulimi kwenye magego, na yeye akainamisha kichwa kunisikiliza.